Polinomia: hesabu ya mamia na makumi isiyo na kukopa

Mwanafunzi akija kwangu tuisheni ameshakata tamaa na aljebra, huwa simwonyeshi x siku ya kwanza. Namwandikia 342 na kumuuliza: hii 3 ni tatu ya nini? Mamia. Hii 4? Makumi. Na 2? Mamoja. Basi naandika:

342 = 3 × 10² + 4 × 10 + 2

Halafu nafuta kila 10 na kuweka x mahali pake: 3x² + 4x + 2. Hiyo ndiyo polinomia. Umekuwa ukiifanya tangu shule ya msingi, ila wakati ule x ilikuwa 10 siku zote na hakuna aliyekuambia.

Wazo hili si langu. Al-Samawal, mwanahisabati aliyezaliwa Baghdad karne ya 12, aliziandika polinomia kwenye jedwali, kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 kwenye x²) na safu yake, ndani ya safu namba peke yake, kisha akazigawanya kama mtu anavyogawanya namba za kawaida. Nasi tutafuata njia hiyo.

Hatua ya 1: Itambue

Polinomia ni vipande vilivyojumlishwa au kutolewa. Kila kipande kina namba, ambayo hapa nitaiita kizidishi, na x yenye kipeo. Sharti ni kwamba kipeo kiwe 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Kisiwe hasi wala sehemu. Kwa hiyo 7x⁴ − ½x + 9 ni polinomia, maana ile nusu iko kwenye kizidishi, si kwenye kipeo. Lakini 5/x siyo, kwa kuwa x ikikaa chini ya mstari kipeo chake ni −1. Kipeuo cha pili cha x nacho hakimo. Na 9 iliyosimama bila x, yaani yenye kipeo 0, ndiyo mamoja yetu.

Kipeo kikubwa kuliko vyote ndicho digrii ya polinomia. Hapo juu digrii ni 4.

Hatua ya 2: Ipange, na uzibe mapengo

Anza na kipeo kikubwa, shuka hadi mamoja. Safu isiyo na kitu iandikie sifuri. Mfano 3x³ + 5x − 2 haina x², basi iwe 3x³ + 0x² + 5x − 2. Ukiiona sifuri hiyo ni usumbufu, jaribu kuandika mia tatu na tano bila sifuri ya katikati uone utabaki na shilingi ngapi.

Hatua ya 3: Kujumlisha

Panga safu kwa safu, jumlisha vizidishi, vipeo usiviguse.

3x³ + 0x² + 5x − 2
 x³ − 4x² + 2x + 6
jumla: 4x³ − 4x² + 7x + 4

Hapa hakuna kubeba. Ukipata 14x², inabaki 14x². Haihamii safu ya x³, kwa sababu hatujui x ni ngapi, na kubeba kunawezekana tu pale unapojua kumi za huku zinafanya moja ya kule. Ndiyo maana huwa nadiriki kuwaambia vijana kwamba kwenye kujumlisha, polinomia ni rahisi kuliko hesabu za darasa la tatu. Huwa hawaniamini.

Hatua ya 4: Kutoa (hapa ndipo alama zinapopotea)

Tutoe polinomia zilezile: (3x³ + 0x² + 5x − 2) − (x³ − 4x² + 2x + 6).

Nikisahihisha daftari, kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: 2x³ − 4x² + 7x + 4. Aliyeandika ametoa kipande cha kwanza, kisha akasahau kwamba alama ya kutoa iko nje ya mabano na inawahusu wote waliomo ndani. Dawa yake ni penseli. Kabla ya kufanya lolote, andika upya mstari wa pili ukigeuza kila alama: −x³ + 4x² − 2x − 6. Sasa jumlisha kama kawaida:

2x³ + 4x² + 3x − 8

Jizoeze kuhakiki hapohapo. Weka x = 1, yaani jumlisha vizidishi tu. Ya kwanza: 3 + 0 + 5 − 2 = 6. Ya pili: 1 − 4 + 2 + 6 = 5. Tofauti ni 1. Jibu letu: 2 + 4 + 3 − 8 = 1. Sawa. Lile jibu la makosa linatoa 9, limeumbuka. Kipimo hiki kina udhaifu wake: 1 kwa kipeo chochote ni 1, kwa hiyo ukikosea kipeo hakitakustua. Ukiwa na muda, rudia kwa x = 2.

Hatua ya 5: Kuzidisha

Kila kipande cha huku kizidishe kila kipande cha kule. Vizidishi vinazidishwa, vipeo vinajumlishwa.

(4x + 7)(3x + 5) = 12x² + 20x + 21x + 35 = 12x² + 41x + 35

Weka x = 10 na utaona 47 × 35. Upande wa kulia ni 1200 + 410 + 35 = 1645, jibu lilelile ungelipata kwa kubeba.

Vipande vikizidi viwili, chora jedwali. Kwa (2x − 3)(x² − 4x + 5):

mstari wa 2x: 2x³, −8x², 10x
mstari wa −3: −3x², 12x, −15

Kusanya vinavyofanana: 2x³ − 11x² + 22x − 15. Alama ni sehemu ya kipande. −3 mara −4x ni +12x.

Hatua ya 6: Itumie kama fanksheni

Fanksheni maana yake ukiipa x inakurudishia jibu moja. Jirani yangu anayeoka keki hutengeneza maboksi mwenyewe. Chukua karatasi ya manila ya sentimita 30 kwa 20, kata mraba wenye upande x kwenye kila kona, kunja kuta. Urefu unabaki 30 − 2x, upana 20 − 2x, kimo x. Ujazo:

V(x) = x(30 − 2x)(20 − 2x) = 4x³ − 100x² + 600x

Ukitafuta V(4), usihangaike na vipeo. Anza na kizidishi cha kwanza, zidisha kwa 4, ongeza kinachofuata, endelea hivyo: 4; kisha 16 − 100 = −84; kisha −336 + 600 = 264; kisha 1056 + 0 = 1056. Ujazo ni sentimita za ujazo 1056. Ukikata 3 unapata 1008, ukikata 5 unapata 1000. Na x isifike 10, maana upana wote utakuwa umeishia kwenye makato. Polinomia inakubali namba yoyote, manila haikubali.

Hatua ya 7: Kugawanya

Tugawanye x³ + 2x² − 5x + 4 kwa x − 2. Mbinu ni ileile ya kugawanya kwa kirefu: gawanya kipande cha mbele, zidisha, toa, shusha.

x³ gawanya kwa x ni x². Zidisha: x³ − 2x². Toa: linabaki 4x², shusha −5x.
4x² gawanya kwa x ni 4x. Zidisha: 4x² − 8x. Toa: linabaki 3x, shusha 4.
3x gawanya kwa x ni 3. Zidisha: 3x − 6. Toa: 4 − (−6) = 10.

Jibu ni x² + 4x + 3, baki 10. Unasimama digrii ya baki inapokuwa ndogo kuliko ya kigawanyo. Na ukitaka baki peke yake, ukigawanya kwa x − 2 weka tu x = 2 kwenye polinomia ya mwanzo: 8 + 8 − 10 + 4 = 10.

Sasa fanya hii mwenyewe: x³ − 1 gawanya kwa x − 1. Sifuri za katikati usizisahau, ziko mbili. Ukimaliza weka x = 10, jibu lako lilingane na 999 gawanya kwa 9.