Kutoka Lamu hadi Global Village, Dubai: namna ya kuutumia usiku mmoja vizuri

Kinachomaliza pesa Global Village, kile kijiji cha maduka, vyakula na michezo ya nchi mbalimbali kilichoko Dubai, si kiingilio. Mlangoni utatoa dirham 25 au 30 kwa kila mtu, na kwa kuwa dirham moja ni karibu shilingi 35 za Kenya, hiyo ni kama shilingi 875 hadi 1,050. Watoto wa chini ya miaka 3 na wazee waliopita 65 huingia bure. Pesa huishia ndani: sahani za chakula, bembea za watoto, kisha udi, zafarani na asali. Kwa hivyo panga utakula nini na wapi kabla hujapanga utatazama nini.

Kijiji hiki ni cha msimu. Hufunguliwa katikati ya Oktoba na kufungwa mwanzoni mwa Mei, takriban wakati ule kaskazi inapovuma kwetu. Ukikata tiketi ya ndege ya Julai utakuta kufuli. Ndani mna mabanda yapatayo 30 ya nchi na maeneo: Yemen, Iran, Uturuki, Misri, Morocco, India, Pakistan, Thailand, Afrika na mengine, kila moja likiwa na maduka yake na wauzaji wanaotoka au kuagiza bidhaa huko. Saa za kawaida ni kuanzia saa kumi alasiri hadi saa sita usiku, Jumapili mpaka Jumatano. Alhamisi hadi Jumamosi husogea mpaka saa saba. Ramadhani saa hizi hubadilika, na bei nazo hupangwa upya kila msimu, basi zitazame tena kwenye tovuti yao kabla hujalipa.

Jumanne ni siku ya familia na wanawake, isipoangukia sikukuu. Mama anayekwenda na binti zake hiyo ndiyo siku yake. Vijana wa kiume wanaosafiri peke yao wasijisumbue siku hiyo, watarudishwa mlangoni. Ijumaa na Jumamosi kuna fataki saa tatu usiku, na umati wake ni wa kukanyagana. Kwa maoni yetu fataki hazistahili msongamano huo, ila mkiwa na watoto hamtakuwa na budi.

Kufika

Msafiri wa Lamu ana njia mbili: kuruka kutoka Manda hadi Nairobi na kuunganisha huko, au kuvuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa linalopita Witu, Garsen na Malindi, kisha ndege ya moja kwa moja ya flydubai kutoka uwanja wa Moi. Njia ya basi ni nafuu, lakini usipange basi na ndege siku moja. Vizuizi vya polisi barabarani vinaweza kula saa nzima, kila abiria akionyesha kitambulisho. Lala Mombasa usiku mmoja. Wa Malindi ana nafasi zaidi, maana yeye Mombasa ni mwendo wa kilomita 120 tu. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza, na pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Dubai iko saa moja mbele yetu, rekebisha saa yako mkitua.

Sasa jambo zito kuliko yote katika mwongozo huu. Miraa na muguka ni dawa za kulevya kwa sheria ya huko. Hata kijiti kilichosahaulika kwenye mfuko wa koti kinaweza kukufikisha mahakamani. Tambuu nayo imepigwa marufuku kuingizwa. Kung'uta kila mfuko wa kila nguo kabla ya kufunga sanduku, hasa ukiwa umeazima koti la mtu. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinahitaji idhini rasmi kabla ya safari. Cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Na ukipewa kifurushi "umpelekee ndugu yangu Deira" (mtaa wa Dubai), kifungue mbele ya mwenyewe au kikatae.

Ukilala Deira, nenda kituo cha mabasi cha Union na upande basi namba 103. Wa upande wa Bur Dubai huchukua 104 kutoka Al Ghubaiba. Nauli ni dirham 10 kwenda na 10 kurudi, na dereva hapokei pesa taslimu: lazima uwe na kadi ya nol, inayouzwa katika stesheni za metro. Kila abiria kadi yake. Kosa la kawaida ni kuweka salio la kwenda pekee, kisha saa sita usiku mnahangaika kutafuta pa kuongeza.

Badilisha dola kuwa dirham mjini, kiwango kikizunguka 3.67 kwa dola moja, ukipewa 3.4 ondoka, nenda duka la jirani. M-Pesa haifanyi kazi kwenye vibanda, ingawa kadi ya GlobalPay iliyo ndani yake hufaa kununulia tiketi ya kuingilia mtandaoni.

Kula

Fika saa kumi, mlango unapofunguliwa. Kati ya Desemba na Januari magharibi huingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo mna saa moja na nusu ya mwanga, maduka matupu na wauzaji wenye subira. Zungukeni kwanza bila kununua chochote. Sehemu za kuswalia zimo ndani, ulizeni zilipo mapema kabla adhana haijawakuta upande wa pili wa kijiji.

Familia ya watu sita isinunue sahani sita. Nunueni mbili, mle wote, muende banda jingine. Sehemu za chakula za kukumbuka ni Floating Market, ambako chakula huuzwa kutoka mashuani kwa mtindo wa Thailand, Railway Market, na Fiesta Street yenye vibanda vya vitafunio. Anza na chumvi, maliza na sukari. Mtoto aliyeanza na aiskrimu ya Kituruki hatagusa wali. (Muuzaji wa aiskrimu hiyo atamchezea mtoto, akimpa na kumnyang'anya. Watoto wengine hulia kwelikweli.)

Vinavyofaa kwa ulimi wa pwani: mandi ya Yemen, wali na nyama iliyookwa, haina pilipili, omba ile sosi ya nyanya pembeni; wali wa kunata wa Thailand kwa maembe na tui; na luqaimat za akina mama wa Imarati, ambazo ni kaimati zetu zikimiminiwa asali ya tende na ufuta badala ya shira. Chai ya karak ni chai ya maziwa yenye iliki, na ndicho kinywaji cha bei rahisi kuliko vyote. Nyama ni halali na pombe haiuzwi, hilo lisikusumbue. Tazama bei ubaoni kabla ya kuagiza. Penye bei ya kupima, kama njugu, halua na matunda makavu, mwambie muuzaji kiasi unachotaka, "gramu 200", kabla hajashika kijiko, la sivyo atajaza mfuko na kukuambia ni zawadi hadi upite kwenye mizani.

Ikiwa mmekwenda siku ya fataki, kaeni kula dakika kumi kabla ya saa tatu. Wote watakuwa wamesimama wakitazama juu, na viti vitapatikana.

Michezo ya watoto hulipiwa mbali na kiingilio, kwa kadi inayojazwa pesa. Jaza kiasi mlichokubaliana, kiishe, basi.

Kununua na kurudi

Katika mabanda bei hupunguzwa. Bei ya kwanza ya udi au shela si bei, na mwisho wa msimu wauzaji hushusha zaidi ili wasirudi na mzigo. Zafarani nunua nyuzi, kamwe si ya unga. Omba nyuzi mbili uzitie katika maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi ukabaki mwekundu, iliyopakwa rangi humwaga wekundu papo hapo na uzi ukapauka. Udi uombe uchomwe kipande kilekile unachonunua. Kilicho katika chetezo mbele ya duka ni cha kuvutia wateja.

Vaeni viatu vya kutembelea, si vipya, na kila mtu awe na sweta: usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 15. Mwandikie mtoto nambari ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, na piga picha mlango mlioingilia, maana milango ni zaidi ya mmoja na yote inang'aa. Usipige picha za watu usiowajua, hasa wanawake. Kwa sheria ya huko ni kosa.

Tokeni saa moja kabla ya kufungwa. Mkisubiri mpaka mwisho, foleni ya basi huwa ndefu na metro nayo siku nyingi husimama saa sita. Mkichelewa, chukueni teksi rasmi yenye mita. Zile zenye paa la rangi ya waridi huendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia.

Asali, mafuta ya manukato na kila kilichozidi mililita 100 kitie katika sanduku la kupakiwa chini, kikifungwa kwa nguo, vinginevyo kitaachwa uwanjani. Mifuko ya plastiki ya madukani iacheni huko huko Dubai: Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, na hunyang'anywa mkitua.