Somo: Kuiweka bastola kubwa kwenye hadithi bila kuchekwa

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mkuu, jambazi wangu nimpe bastola gani ya kutisha?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mfano wetu ni Grizzly, yaani M1911, bastola ya jeshi la Marekani iliyobuniwa na John Browning, ila imenenepeshwa. Aliyeibuni Grizzly ni Perry Arnett, na kampuni ya L.A.R. ya West Jordan, Utah, ikaitengeneza kuanzia 1983 hadi 1999. Browning mwenyewe alizaliwa Ogden, Utah hiyohiyo, mwaka 1855, kwa hiyo mjukuu hakuzaliwa mbali na kwa babu.

Hatua 1. Amua kama ni bastola ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya kishikio) au ni rivolva (risasi hukaa kwenye silinda inayozunguka). Usichanganye.

Hatua 2. Ukubwa. Risasi ya M1911 (.45 ACP) na ya Grizzly (.45 Winchester Magnum) zina unene mmoja, hiyo .45 ya inchi. Kinachotofautiana ni urefu wa ganda: milimita 23 hivi kwa 30. Ndiyo maana kishikio cha Grizzly ni kipana kutoka mbele kwenda nyuma. Mhusika wa viganja vidogo atahangaika kukifikia kifyatulio. Litumie hilo.

Hatua 3. Hesabu. Saba kwenye magazini, moja chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu: nane. Kila ikilia, weka alama pembeni ya daftari.

Hatua 4. Hapa ndipo nilipoumbuka. Hadithi yangu ya kwanza, sehemu ya 19: jambazi kambana mpelelezi kwenye ghala la korosho, anafyatua M1911 yake, inalia kitupu, "ka! ka! ka!", risasi zimekwisha, mpelelezi anacheka. Tukio lile nililipenda mno. Asubuhi mzee mmoja mstaafu wa jeshi akaniandikia: "Kijana, hiyo bastola ilikuwa mbovu?" Kumbe ikishalia risasi ya mwisho, slaidi, yaani lile chuma la juu linalokwenda nyuma na mbele, hubaki nyuma, kijino cha pembeni kimelikamata. Aliyeishika anahisi mkononi, aliye mbele yake anaona kwa macho. Hakuna "ka" wala nusu "ka". Niliandika upya sehemu tatu, maana mtego wote niliujenga juu ya mlio ule. Onyo: Grizzly imerithi tabia hiyo. Onyo la pili: ukiitaka "ka" kwa vyovyote, mpe jambazi rivolva. Rivolva haimwambii mtu kwamba imekwisha.

Hatua 5. Kwa M1911 na Grizzly, nyundo lazima iwe imevutwa nyuma, la sivyo kifyatulio hakifanyi kitu. Mara ya kwanza unakoki kwa mkono, baada ya hapo inajikoki yenyewe.

Hatua 6. Maganda ya bastola hizi huruka kulia na kubaki sakafuni. Mpelelezi ayaokote.

MASWALI

— Mkuu, inabeba ngapi?
Hatua ya 3.

— Naipata wapi hapa Dar, na bei?
Hili ni somo la hadithi. Hayo kawaulize polisi, wakueleze habari za leseni.

— Mbona kwenye muvi zinalia "ka ka"?
Waliotengeneza muvi hawakuandikiwa na yule mzee.

— Jambazi wangu wa Mwanza anayo Grizzly.
Na risasi anazitoa wapi? Hata Marekani ni adimu. Mpe mwindaji wa Utah, au tajiri anayekusanya silaha.

— Kaka, samahani kama swali ni la kijinga. Kwa nini Wamarekani waling'ang'ania risasi nene hivyo?
Si la kijinga, dada, ndilo nililolisubiri. Ni Ufilipino. Rivolva za .38 za jeshi lao zilikuwa zinashindwa kuwasimamisha wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa visiwa hivyo. Mwaka 1904 maofisa wawili wa jeshi hilo, Thompson na LaGarde, wakafanya majaribio kwa ng'ombe wa machinjio ya Chicago na kwa maiti za watu, wakapendekeza risasi isipungue .45. Machi 1911 bastola ya Browning ikapigishwa risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, na mwezi huohuo jeshi likaichukua. Ukiandika hadithi ya enzi hizo, niite nikusomee rasimu.

— Nikiifunga kizuia sauti?
M1911 sawa, risasi yake huenda polepole kuliko sauti. Ya Grizzly hupita mita 400 kwa sekunde, na sauti ni kama 340. Hata uifunge godoro, itapasua hewa.

— Mlio unauandikaje? Mimi huweka "paa!"
Siuandiki. Naandika kinachofuata: masikio yanavuma, mbwa wa jirani kanyamaza, ganda la moto limemwingia mtu kwenye kola.

— Hilo la kola nimeiba.
Iba tu. Ila huyo mtu awe amesimama kulia.