Komaza miche ya nyanya kabla hujaihamisha

Miche iliyodekezwa kitaluni ndo ile inayolala chini shambani siku ya kwanza jua likiwa kali, na watu wanalaumu mbegu. Mbegu haina kosa, jeni za kujilinda mmea unazo ila zimezimwa maana kule kivulini hazikuwa na kazi. Wewe kazi yako ni kuziwasha mapema, anza kama wiki moja kabla ya kuhamisha.

Anza na jua, masaa mawili matatu ya asubuhi halafu unaongeza kila siku mpaka kivuli unakitoa kabisa. Majani yana protini inaitwa faitokromu, mwanga mwekundu wa jua ukiipiga inaingia kwenye kiini cha seli na kuzima jeni za kurefusha shina. Miche iliyobanana inapata mwanga uliochujwa na majani ya jirani, inadhani iko kivulini, inarefuka tu hata kama iko juani, so ipe nafasi kwanza.

Maji usinyime, chelewesha. Acha udongo wa juu ukauke, majani yakianza kulegea ndo umwagilie. Udongo ukikauka mmea unatoa homoni ya ABA, inafunga vile vitundu vya majani vinavyopoteza maji na inawasha jeni za kulinda seli. Na mmea unakumbuka bana, kwenye arabidopsisi (kijimmea cha maabara) baadhi ya jeni hizo ziliwaka kwa nguvu zaidi ukame uliporudi, ila kumbukumbu yenyewe inafutika baada ya siku kadhaa za maji ya kutosha, kwa hiyo usikomaze miche afu ukairudisha kivulini wiki nzima.

Sasa hii wengi hawaijui: ipapase. Mwaka 1990 watafiti Janet Braam na Ronald Davis walikuwa wananyunyizia mimea homoni kutafuta jeni zinazoitikia, wakakuta hata maji matupu yanaziwasha ndani ya dakika 10 hadi 30, kumbe ni kule kuguswa! Pitisha kiganja taratibu juu ya miche kila siku, itakuwa mifupi yenye shina nene. Majani yawe makavu lakini, na ukiona ugonjwa wowote acha kabisa, utausambaza kwa mkono wako mwenyewe.

Urea wiki hiyo weka pembeni. Siku ya kuhamisha mwagilia kitalu vizuri, subiri jioni, panda.