Maandalizi ya kijana wa Mtwara na Lindi anayekwenda utume nje ya nchi

Kijana wa Mtwara au Lindi anayetamani kutumika miongoni mwa vijana wenzake katika kanisa la nchi nyingine aanze kwa kutumwa, na suala la tiketi lifuate baadaye. Azungumze kwanza na wazazi wake, kisha mchungaji au padre, na kama yumo katika kwaya au VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), viongozi wake nao wasikie habari hiyo kutoka kinywani mwake mwenyewe. Barua ya utambulisho iliyoandikwa na watu waliomwona akifagia kanisa, akiwafundisha watoto siku ya Jumapili na kukesha na wafiwa ina uzito ambao cheti cha semina hakiwezi kuwa nao. Akijitokeza wakala anayedai fedha kwa ajili ya utume ambao ofisi ya askofu haiutambui, asitoe hata shilingi moja, kwa maana njia hiyo ndiyo inayowaingiza vijana wengi mikononi mwa wasafirishaji haramu wa binadamu.

Nyaraka zishughulikiwe mapema, tena kwa subira. Kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne vibebe majina yaleyale, herufi kwa herufi. Aliyeandikwa Yohana kwenye cheti kimoja na John kwenye kingine arekebishe tofauti hiyo kabla ya kujaza maombi ya pasipoti katika mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Kwa kuwa fedha za familia nyingi za kusini hufuata minada ya korosho, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba, ni busara gharama kubwa zipangwe baada ya malipo ya mnada kuingia, ili mzazi asilazimike kuuza shamba.

Kuhusu afya, chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari na cheti chake kikae pamoja na pasipoti. Akifika nchi isiyo na malaria kisha akashikwa na homa, amwambie daktari mara moja kwamba ametoka Mtwara au Lindi, kwa sababu daktari wa huko anaweza kudhani ni mafua tu, na kuchelewa kutibu malaria kunaweza kuua.

Sasa utumishi wenyewe, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Sisi wa kusini tunajua kupokea wamisionari: wale wa UMCA, shirika la kimisionari la Kianglikana, walipita Lindi wakafika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaanza misheni ya Ndanda mwaka 1906. Kabla ya kuondoka, kijana awaulize wazee wa Masasi, Ndanda au Newala ni mgeni gani wa kanisa wanayemkumbuka kwa upendo. Naamini atatajiwa yule aliyejifunza lugha, akala kilichopikwa na kufika msibani, naye aige mwenendo huo huo.

Kwa hiyo miezi ya kwanza asikimbilie kuhubiri. Ajifunze lugha kila siku, aombe kazi ndogo kama kupanga viti au kuosha vyombo baada ya ibada, maana wakati wa kuosha vyombo ndipo kijana mwenzake humweleza kwa nini anaona upweke au kwa nini imani yake imelegea. Akikuta vijana ni wachache na ibada haina vigelegele wala ngoma, asilinganishe na kwao kwa sauti ya kulaumu. Akiombwa wimbo, aufundishe taratibu, mstari kwa mstari. Asiombe fedha binafsi kwa waumini wanaomkaribisha, hata kama ndugu nyumbani wanasisitiza, kwa sababu ombi moja la namna hiyo huwafanya wenyeji waanze kumwogopa. Akizidiwa na upweke, amweleze mlezi aliyepangiwa, asijifungie chumbani.

Kila baada ya muda aandike taarifa fupi kwa waliomtuma, ikieleza pia mambo magumu, nao wamwombee kwa kujua. Siku ya kurejea asipitilize nyumbani kimyakimya: asimame mbele ya ibada, atoe taarifa yake na apokee maswali ya vijana. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote aipime mapema, kwa kuwa kinga ya mwili dhidi ya malaria hupungua mtu akikaa mbali nayo kwa muda mrefu.