Kabla ya kuanza dawa za ADHD, ini liangaliwe

Mzazi ambaye mtoto wake ana ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kukazia akili jambo moja), na ameandikiwa dawa ya kumtuliza na kumpa umakini darasani, huuliza kwanza kama atakula vizuri na kama atalala. Ana haki, maana hizo ndizo kero za kila siku. Ini husahaulika.

Hapa hakuna haja ya kutishana. Methilfenideti, dawa ya kuchangamsha ubongo iliyomo kwenye Ritalin, ni nadra kudhuru ini ikitumika kwa kipimo alichoandika daktari. Pemolini ndiyo iliyoleta balaa: ilikuwa dawa ya kuchangamsha vilevile, na Marekani ikaondolewa sokoni mwaka 2005 baada ya maini ya baadhi ya watumiaji kushindwa kufanya kazi. Atomoksetini haimo kwenye kundi hilo la dawa za kuchangamsha, ila hutibu tatizo lilelile, nayo iliwekewa onyo la ini mwaka 2004. Basi usitoke kliniki bila kujua jina la dawa. Rangi ya kidonge haitoshi.

Zito zaidi, kwa maoni yangu, ni vitu vingine ambavyo ini hilohilo linavishughulikia. Kabla ya kwenda hospitali, iwe KCMC au Mawenzi hapa Moshi, tia kwenye mfuko mmoja kila anachomeza mgonjwa: dawa za TB, ARV, za kifafa, za mafua (nyingi zina paracetamol ndani), pamoja na ile chupa ya maji iliyojazwa dawa nyeusi ya mizizi, isiyo na lebo, uliyoinunua sokoni Mbuyuni. Hiyo ndiyo watu huiacha nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Ipeleke. Isoniazidi ya TB inajulikana kwa kuumiza ini, na mizizi mingine pia. Daktari asipoambiwa, atailaumu dawa isiyo na kosa.

Kwa mtu mzima kuna suala la mbege. Pombe ikikutana na methilfenideti, ini hutengeneza etilfenideti, kemikali nyingine ya kuchangamsha ambayo hakuna aliyeipangia kipimo. Anayetafuna mirungi naye aseme, hata kama ni haramu, kwa kuwa watafunaji wamewahi kupata homa ya ini. Daktari si polisi.

Si kila mgonjwa anahitaji vipimo vya ini. Ila kama umewahi kuugua manjano (macho na ngozi kugeuka njano), unakunywa sana au unatumia dawa nilizotaja, omba ALT na AST (vipimo vya damu vinavyoonyesha kama ini limeumia) na kipimo cha homa ya ini B kabla ya dozi ya kwanza. Majibu yapige picha kwa simu, yawe ya kulinganishia baadaye.

Dawa ikishaanza, angalia weupe wa macho mchana, nje, kwenye mwanga wa jua. Taa ya ndani hudanganya. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwili ukiwasha bila vipele, au maumivu yakikaa chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata.