Tangazo la moshi juu ya Ghuba ya Mwanza: namna ya kuliandika likasomeka

Tangazo la moshi ni neno ambalo ndege huliandika angani kwa moshi wake. Chagua neno kabla ya kuchagua ndege. Moshi hukaa angani dakika 10, hewa ikitulia sana labda 20, kisha herufi huvimba na kuchanika. Neno likichukua muda mrefu, herufi ya kwanza inapotea wakati ya mwisho bado inachorwa. Muuza samaki wa Mwaloni Kirumba anayetaka SATO LEO mshauri abaki na SATO: dakika sita badala ya kumi na mbili. Namba ya simu yenye tarakimu kumi haiandikiki kwa ndege moja. Anayeing'ang'ania mpeleke kwenye bango la kitambaa linalovutwa na ndege. Zitazame na herufi zenyewe. O, C na U ni mkunjo mmoja usiokatika, L na T ni mistari miwili, lakini M na W kila moja ni mistari minne yenye kona tatu kali. MWANZA ina herufi sita tu, na bado ni neno gumu.

Moshi wenyewe ni mafuta yaliyogeuzwa mvuke. Pampu ya umeme huyasukuma kutoka kwenye tangi hadi kwenye nozeli (mdomo mwembamba wa kunyunyizia) iliyochomekwa ndani ya ekzosi, bomba la moshi la injini, karibu na silinda, mahali penye joto la nyuzi 700 za Selsiasi au zaidi. Mvuke ukitoka nje unakutana na hewa baridi na kuganda kuwa matone madogo sana meupe. Tumia mafuta mepesi ya madini yaliyosafishwa yasiyo na rangi, ya jamii ile ile wanayopakwa watoto, yaliyotengenezwa kwa kazi ya moshi wa ndege. Mafuta ya taa na dizeli usiyaguse: mvuke wake huwaka kwa joto dogo, na unauchezea ndani ya bomba lililo jekundu kwa moto.

Mtiririko wa lita 4 kwa dakika unatosha injini ndogo. SATO inahitaji moshi kwa karibu dakika tatu, yaani lita 11 au 12. Beba 20, kilo 17 hivi. Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 28 ndege inapaa kana kwamba uwanja uko futi 6,000, kwa hiyo usijaze tangi kwa ajili ya kujaza. Vali ya umeme ya kufunga iwekwe karibu kabisa na nozeli. Ikikaa mbali, mafuta yaliyobaki kwenye bomba la mpira yataendelea kuvuja na kila herufi itaota mkia. Iwepo pia vali ya njia moja ili joto la ekzosi lisirudi kwenye tangi. Kazi yote hii ifungwe na kusainiwa na injinia mwenye leseni, na kibali cha kazi kitoke Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kumwahidi mteja tarehe.

Ndege yenye mabawa chini inafaa zaidi. Ile yenye mabawa juu, ukilalia upande, bawa la ndani linashuka na kukuziba usiuone moshi wako mwenyewe.

Sasa mahali. Andika asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu, juu ya ghuba magharibi ya mji. Wakati huo jua liko mgongoni mwa watu wa Capri Point na Kirumba wanaotazama ziwani, na mawingu ya mchana hayajajijenga juu ya nchi kavu. Miezi ya Juni hadi Agosti ina anga safi, ila moshi wa mashamba yanayochomwa ukizidi, anga inakuwa nyeupe na maandishi meupe hayaonekani. Siku hiyo ahirisha. Panda futi 10,000. Ukikaa hapo juu zaidi ya nusu saa, vaa oksijeni.

Maandishi yanalala angani kama yaliyochorwa kwenye dari. Kwa msomaji aliye ufukweni akitazama magharibi, kushoto ni kusini na kulia ni kaskazini. Basi S ianze kusini, O iishie kaskazini, vichwa vya herufi vielekee mashariki na miguu magharibi. Wewe uliye juu utaliona neno limegeuzwa. A, T na O hazikuumbui, S itakuumbua. Dawa ni rahisi: andika neno kwa kalamu nene kwenye karatasi, geuza karatasi uone wino kwa nyuma, na uchoro huo ndio ubandike gotini.

Ukiwa na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 90 kwenye dashibodi, kwa futi 10,000 na joto la huku unakwenda kama mita 55 kwa sekunde. Mstari wa kilomita moja, ambao ndio urefu wa herufi, ni sekunde 18. Mkono wa herufi wa mita 500 ni sekunde 9. Ukiilaza ndege upande kwa nyuzi 45, duara lako lina nusu kipenyo cha mita 315. O basi ni hivi: sekunde 7 moja kwa moja, nusu duara sekunde 18, sekunde 7 tena, nusu duara nyingine.

Kona kali usizikate moshi ukiwa umefunguliwa, zitakuwa mviringo. Fanyia mazoezi L:

1. Shika nyuzi 270 kwenye dira (magharibi), fungua moshi, hesabu 18, funga.
2. Endelea mbele sekunde 6.
3. Geuka kushoto nyuzi 270 kwa mlalo wa nyuzi 45 mpaka ushike 360 (kaskazini). Inachukua sekunde 27.
4. Nenda sekunde 6, uko kwenye kona. Fungua, hesabu 9, funga.

Mstari unaokatiza mwingine, kama wa A, upitishe futi 100 chini. Hewa inayosukwa na ndege huzama, ukipita juu itaukata moshi uliokwisha uandika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufuata alama za ardhini au GPS. Upepo wa noti 10 unasogeza moshi mita 310 kila dakika, karibu kilomita mbili kwa neno zima. Rubani anayelenga Kisiwa cha Saanane kila herufi atakuta S imekwisha kwenda na O imebaki, neno limekaa ngazi. Hewa inabeba herufi zote kwa pamoja, na ndege imo humo humo. Ukiongozwa na dira, sekunde na moshi wenyewe, umbo linatoka sawa upepo ukivuma popote. Ardhi itumie mara moja tu, kuchagua pa kuanzia: upepo wa juu huku mara nyingi unatoka mashariki, anza kilomita moja upande huo wa pale unapotaka neno lisomwe.

Moshi ukitoka mwembamba, ekzosi imepoa: ongeza nguvu au punguza utajiri wa petroli kwenye mchanganyiko. Tumbo la ndege likilowa, mafuta yamezidi joto lililopo. Usifungue moshi injini ikiwa imepunguzwa nguvu, maana mafuta mabichi yanajikusanya ndani ya bomba na yanaweza kulipuka moto ukirudisha nguvu. Ukisikia harufu ndani, funga, fungua madirisha ya hewa, rudi uwanjani, na ekzosi ikaguliwe nyufa siku hiyo hiyo.