Somo: Kujitumia vifurushi vya masurufu kwenye Pacific Crest Trail

Pacific Crest Trail (PCT) ni njia ya kutembea kwa miguu nchini Marekani, yenye urefu wa takribani kilomita 4,265, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, ikipita California, Oregon na Washington. Chakula cha safari nzima hakibebeki. Mtembeaji hununua mijini, na pale ambapo hakuna duka la maana hukuta kifurushi alichojitumia mwenyewe kwa posta.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: tuma vifurushi vichache. Anayefunga maboksi ya safari nzima kabla ya kuondoka anajiamulia leo atakachokula baada ya miezi minne. Njaa ya wiki ya pili si njaa ya mwezi wa tatu, na uji wa shayiri ulioupenda nyumbani unaweza kukukinai kiasi cha kutotaka hata kuunusa. Ukishalipia posta, uji huo utakufuata kila kituo.

Hatua ya 1: Chagua vituo

Pitia ramani na uandike kila mahali njia inapokaribia mji. Palipo na duka kubwa, futa. Sehemu kubwa ya kusini mwa California itafutika hivyo. Yatakayobaki ni machache: Kennedy Meadows, kwenye kilomita ya 1,130 hivi, unapokaribia kuingia milima ya Sierra Nevada, Muir Trail Ranch, ambako chakula hupelekwa ndani ya ndoo ya plastiki na hulipiwa ada, na vituo vya Washington kama White Pass, Snoqualmie Pass, Stevens Pass na Stehekin. Stehekin haina barabara inayoiunganisha na kwingine. Watu na mizigo hufika kwa boti kupitia Ziwa Chelan, kwa hiyo kifurushi cha huko kitangulize mapema kuliko vingine.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Gawa umbali kwa mwendo wako wa kweli, si ule unaoutamani, kisha ongeza nusu siku. Chakula kikavu cha gramu 700 hadi 900 kwa siku huwatosha wengi.

Kuwa makini na kipande cha mwisho. Kutoka Stehekin hadi mpakani ni kama kilomita 130, na wengi huishia kuhesabu hizo tu. Lakini tangu Januari 2025 Kanada haitoi tena kibali cha kuingilia nchini humo kupitia njia hii. Ukigusa nguzo ya mpaka unageuza, unarudi kusini hadi Harts Pass, mahali pa karibu penye barabara, kilomita 50 nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa siku, hapo unahitaji chakula cha siku sita.

Hatua ya 3: Fungasha

Toa kila kitu kwenye boksi lake la dukani. Tambi, wali wa kukaushwa na maziwa ya unga vimimine kwenye mifuko ya plastiki yenye kufunga, kamua hewa yote, kisha andika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika: ni nini, na kiasi gani cha maji. Mafuta ya kula yaweke kwenye chupa ya kifuniko cha kuzungusha, chupa ndani ya mifuko miwili, nayo isimame pembeni mbali na unga.

Sabuni na dawa ya meno zisikae na chakula hata siku moja. Harufu hupenya plastiki nyembamba, na wali unaoonja sabuni hauliki hata kwa mtu mwenye njaa.

Usifunge boksi kwa utepe mpaka siku ya kutuma. Yule atakayekutumia akiwa nyumbani aweze kutoa kitu au kuongeza soksi ukimpigia simu.

Hatua ya 4: Andika anwani

Kwenye ofisi ya posta ya Marekani, mpangilio ni huu: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, chini yake GENERAL DELIVERY (yaani mzigo ubaki posta hadi uje kuuchukua), kisha mji, jimbo na msimbo wa posta. Jina la utani la njiani lisiingie hapo. Pembeni mwa boksi andika HOLD FOR PCT HIKER (mhifadhie mtembeaji wa PCT) na tarehe unayotarajia kufika. Karani wa posta ndogo anaweza kuwa na chumba kizima cha maboksi yanayofanana, kwa hiyo chora alama ya rangi kali pande zote. Ukimwambia lako lina mstari wa rangi ya machungwa, ataliona haraka.

Kama kituo ni duka au hoteli, soma masharti yao kwanza. Wengine hutoza ada, wengine huchagua kampuni ya usafirishaji.

Hatua ya 5: Tuma na uchukue

Tuma wiki mbili kabla ya kufika. Posta huweka mzigo wa aina hii kwa siku 15; ukiomba, unaweza kuongezewa hadi 30. Nenda na kitambulisho chenye picha. Angalia pia saa za kazi, maana ofisi za vijijini hufunguliwa kwa saa chache. Ukifika Jumamosi jioni, utasubiri hadi Jumatatu.

Maswali ya wanachama

*Naweza kuweka kopo la gesi ya jiko ndani ya boksi?*

Usiliweke kwenye Priority Mail, huduma ya haraka ya posta ya Marekani, kwa sababu mizigo hiyo hupanda ndege. Gesi husafirishwa kwa barabara tu, kwa masharti na lebo maalumu. Ni rahisi zaidi kuinunua njiani. Kitakasa mikono chenye alkoholi nacho kiache nje.

*Mwalimu, nikiona bado nina chakula cha kutosha, lile boksi linapotea?*

Hapana. Kama ulituma kwa Priority Mail na hujalifungua, mwombe karani alipeleke kwenye posta iliyo mbele yako. Hulipi tena. Ukishalifungua, utalipia upya, kwa hiyo amua kabla ya kukata utepe.

*Kampuni binafsi za usafirishaji zinafaa?*

Kwa GENERAL DELIVERY, hapana. Hiyo ni huduma ya posta ya taifa peke yake. Kwa maduka na hoteli zinafaa, na mara nyingine ndizo wanazozitaka.

*Mimi natoka nje ya Marekani na sina ndugu huko. Nifanyeje?*

Usitume chakula kutoka kwenu. Forodha inaweza kukizuia, hasa chenye nyama. Wewe fanya manunuzi ukiwa njiani. Ukifika mji wenye maduka makubwa, kwa mfano Ashland kule Oregon, pumzika siku nzima, nunua masurufu ya vituo vya mbele, chukua maboksi ya bure ya Priority Mail posta, yajaze na uyatume palepale. Hata wenye ndugu ningependa wafanye hivi, kwa sababu kufikia hapo unajua vizuri tumbo lako linataka nini. Boksi la Priority Mail la aina ya Flat Rate, yaani la bei moja, bei yake haibadiliki hadi uzito wa kilo 32 hivi, kwa hiyo vitu vizito kama siagi ya karanga vipange humo, na vyepesi vyenye kujaza nafasi uvinunue mbele ya safari.